Jirani na Lugha: Watumwa Walioachwa Huru wa Misheni ya Unguja na Malezi ya Kiswahili Sanifu

Katika historia ya usanifishaji wa Kiswahili, kumbukumbu huanza mara nyingi na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambapo lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Hata hivyo, uamuzi huo uliegemea kazi iliyokuwa imefanyika Unguja kwa zaidi ya miaka sitini kabla yake. Kazi hiyo haikuanza kama mradi wa lugha. Ilianza kama kazi ya huruma kwa watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na ndani yake mna suala ambalo bado halijajibiwa vya kutosha: nani hasa walikilea Kiswahili hicho?

Wakristo wa kwanza kuanzisha huduma za namna hiyo Unguja katika karne ya 19 walikuwa Wakatoliki. Padri Fava na wenzake waliwasili kutoka kisiwa cha Réunion mwaka 1860, wakafungua hospitali na karakana mjini. Mwaka 1864 walifuatiwa na Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, wakiongozwa na Askofu Tozer na Dakta Edward Steere, baada ya jaribio lao la kwanza kushindwa katika bonde la mto Shire. Watumishi wa misheni hii walikuwa watu wa kujitolea: hawakulipwa mshahara, bali walipewa chakula, makazi na posho ndogo.

Mwaka huohuo Sultani Majid alimkabidhi Tozer wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Shule ilianza na watoto hao. Baadaye manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi mengine, watoto na watu wazima walizidi kuletwa. Wavulana walisomeshwa Kiungani, kusini mwa mji. Huko Mbweni, shamba lililonunuliwa mwaka 1871 liligeuzwa kijiji cha walioachwa huru pamoja na shule ya wasichana, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Bibi huyo alifika mwaka 1877, akabaki Unguja hadi kufa kwake mwaka 1926. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash aliukubali kwa shinikizo la Waingereza, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa hapo siku ya Krismasi ya mwaka huo.

Watoto wa Kiungani hawakuwa na lugha moja. Walikuwemo Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo waliotekwa mbali na pwani. Kiswahili, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya safari na ya utumwa, ndicho kilichokuwa kiungo chao. Naye Steere alijifunza lugha hiyo kwa wenyeji wa mjini, wengi wao Waislamu, na mwaka 1870 vikatoka kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Misheni ilipotafsiri maandiko yake, ilitumia maneno yaliyokwisha kukomaa katika jamii ya Kiislamu: sadaka, rehema, imani, dhambi, na hata neno lenyewe jirani. Kwa hiyo Wakristo waliokuja kuwasaidia majirani wahitaji walikuwa wao wenyewe wahitaji mbele ya majirani Waislamu, na msaada walioupata ulikuwa wa lugha.

Si haki, hata hivyo, kuisimulia hisani hiyo bila masharti yake. Wakazi wa Mbweni waliishi chini ya kanuni za misheni katika ardhi isiyokuwa yao, na mwenye kuwahudumia ndiye aliyekuwa pia mwenye shamba. Majina yanaonesha jambo hilo. John Swedi, mmoja wa wale watano, ambaye mwaka 1879 alipewa ushemasi, na Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo mwaka 1890, wana jina la kwanza la Kiingereza na la pili la pwani. Jina la kwao halimo.

Lakini watu hao hawakubaki wapokeaji tu. Mwaka 1876 Steere aliondoka na kundi la walioachwa huru kwenda bara, na kundi hilo likaanzisha kijiji cha Masasi. Majaliwa alifanya kazi Chitangali, katika nchi ya Wayao, tangu mwaka 1886. Gazeti la Msimulizi, lililoanza kutolewa Kiungani mwaka 1888, lilichapisha habari kutoka vituo mbalimbali vya misheni kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Kiunguja kilichoandikwa kilisafiri, pamoja na misafara ya biashara, katika mikoba ya walimu waliowahi kuwa bidhaa ya misafara hiyo. Kamusi za A. C. Madan, aliyefanya kazi katika misheni hiyohiyo, zilikuwa msingi wa kamusi za Kamati ya Lugha za mwaka 1939. Jina la Madan limo katika kila historia ya leksikografia ya Kiswahili. Wanafunzi wake hawamo.

Sauti yao imo mahali pamoja. Mwaka 1887 Madan alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi ya wavulana wa shule za misheni kuhusu makwao, kutekwa kwao na safari zao hadi pwani. Waliyaandika kwa Kiswahili, lakini kilichochapishwa London ni tafsiri ya Kiingereza, na wasimulizi wanatambulishwa zaidi kwa kabila kuliko kwa jina. Hivyo ushuhuda wa wale waliokibeba Kiswahili hadi bara huwafikia wasomaji kwa lugha isiyokuwa yao wala ya waliowafundisha.

Hapo ndipo wajibu wa taaluma ya Kiswahili unapoanza. Kuyasoma masimulizi hayo pamoja na Msimulizi, na kuyahesabu kuwa sehemu ya historia ya nathari ya Kiswahili, si kuipa misheni sifa zaidi. Ni kuwapa waliosaidiwa nafasi yao miongoni mwa waliosaidia. Jirani asiyetajwa ila kwa uhitaji wake hajafanywa jirani bado.