Idi Amin na jezi ya raga ambayo hakuivaa

Idi Amin Dada, aliyeitawala Uganda kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, alifariki dunia mjini Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003, na akazikwa huko huko uhamishoni. Miongoni mwa mengi yanayosimuliwa juu yake ni kwamba alikuwa mchezaji wa kimataifa wa raga: eti mwaka 1955 alikuwa mchezaji wa akiba wa Afrika Mashariki ilipopambana na British Lions jijini Nairobi.

Mechi hiyo ilichezwa kweli. Lions, timu teule ya Uingereza na Ireland, ilikuwa ikirejea nyumbani kutoka Afrika Kusini, na ilishinda kwa 39-12. Lakini jina la Amin halimo katika orodha rasmi ya timu, wala sura yake haionekani katika picha ya kikosi. Isitoshe, sheria za raga hazikuruhusu wachezaji wa akiba katika mechi za kimataifa hadi mwaka 1968.

Lililo kweli ni dogo zaidi. Amin aliingia Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi. Alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda kwa miaka kadhaa, na alicheza raga katika safu ya mbele ya klabu ya Nile ya Jinja. Maafisa wa Kiingereza walivutiwa na nguvu zake. Mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uafisa.

Wanaokariri kisa cha Nairobi humpa Amin sifa isiyo yake, na kwa maoni yangu huipa raga ya kikoloni sifa kubwa zaidi. Mwaka 1955 Kenya ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari, na shule zilizolea wachezaji, kama vile Prince of Wales na Duke of York, zilikuwa za watoto wa Kizungu. Kisa hicho humfanya msikilizaji adhani kwamba mlango ulikuwa wazi kwa Mwafrika yeyote mwenye kifua kipana.

Utawala wa Amin unakadiriwa kugharimu maisha ya watu wapatao 300,000. Uganda ilitwaa Kombe la Afrika la raga mwaka 2007. Nje ya nchi hiyo, ni wachache wanaoweza kumtaja hata mchezaji mmoja wa kikosi kile.