Mvuvi, Mtoto na Majina ya Maji

Vita, mikataba na siku za Uhuru huandikwa vitabuni. Kazi ya mzee anayeketi ukingoni mwa maji wakati wa jioni, akivua kwa mshipi na mjukuu wake kando, aghalabu haiandikwi. Hata hivyo mwalimu wa lugha hana budi kuitazama kazi hiyo, kwa kuwa ni mahali mtoto anapopokea majina ya vitu kutoka kwa wakubwa wake. Mji wa Jinja, mashariki ya Uganda, unatupa mfano ulio bora.

Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali Mto Naili ulipotoka katika Ziwa Victoria. Msafara wake ulikuwa umeondoka Unguja mwaka 1860. Huko pwani Julai ni mwezi wa kipupwe. Jinja, iliyo karibu na Ikweta, haina majira ya baridi kali, ila ubaridi wa jioni baada ya mvua. Speke aliona maji yakiporomoka juu ya miamba, samaki kwa maelfu wakiruka kushindana na maporomoko, na wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamesimama juu ya mawe wakiwa na fito na ndoana, ilhali viboko na mamba wamejilaza majini. Kwa hiyo uvuvi wa ndoana ulikuwapo hapo kabla ya Mzungu kufika.

Speke aliyapa maporomoko hayo jina la Ripon, lakini wenyeji walikuwa wakiyaita Mawe. Neno jinja katika Kiganda lina maana ya jiwe, na ndilo lililokuwa jina la mji. Mwaka 1954 bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa, na maporomoko yakafunikwa na maji. Mawe waliyosimama wavuvi hayaonekani tena, limebaki jina. Mwaka 2011 maporomoko ya Bujagali, mbele kidogo mtoni, yalizama vivyo hivyo kwa ajili ya bwawa jingine, ambalo sasa linaitwa kwa jina hilo hilo.

Yaliyoyapata mawe yaliwapata na samaki. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, samaki mashuhuri wa ziwa hili alikuwa ngege. Nyavu za kutega zilizoletwa na wageni zilianza kutumika mwaka 1905 katika ghuba iliyo upande wa Kenya, kisha zikaenea. Ngege wakapungua, hata serikali ikafanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa zima katika miaka ya 1927 na 1928. Ningu naye, ambaye hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga mayai, alinaswa kwenye midomo ya mito kabla hajataga. Katika miaka ya 1950 na 1960 walitiwa ziwani samaki wageni: sato, na sangara ambaye Waganda humwita mputa. Ngege wa asili karibu atoweke katika ziwa kubwa, akasalia zaidi katika maziwa madogo ya kandokando. Lakini jina lake halikutoweka. Leo katika Uganda sato ndiye anayeitwa ngege. Babu alilitamka neno hilo, na mjukuu analitamka; samaki wao si mmoja.

Mtoto wa Mbale, chini ya Mlima Elgon ambao wenyeji huuita Masaba, hakukulia kando ya ziwa. Maji yake ni ya Mto Manafwa, unaoingia Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga, ambako Naili ya Jinja nayo hupita. Samaki wa mabwawa yake ni kambare na kamongo. Mukene humjua akiwa mkavu, amefika sokoni kutoka ziwani; mwenzake wa Mwanza humwita dagaa. Jina la samaki, basi, linatueleza pia njia aliyopitia kumfikia mlaji.

Mafunzo ya ukingoni hayana ubao wala daftari. Mtoto huchimba nyungunyungu wa chambo, hujifunza kunyamaza, kutosogea penye mamba, na kutovuta mshipi mpaka samaki ameshika sawasawa. Mafunzo hayo yamevuka mabadiliko yote tuliyoyataja, kwa sababu ndoana haichagui samaki mwenyeji au mgeni. Lililo hatarini ni maana ya maneno. Mwanafunzi akisoma habari za ngege wa mwaka 1910 huku akimfikiria huyu wa leo, atakuwa amesoma historia isiyokuwapo, wala kamusi haitamsahihisha ikiwa imeandika tu kwamba ngege ni aina ya samaki.

Ndugu walimu, yafaa tuwatume wanafunzi wetu kwa wazee wavuvi, Jinja na Mbale, wakakusanye majina ya samaki, ya mawe na ya mikondo. Kando ya kila jina na waandike ni kitu gani, mahali gani, na katika miaka ipi. Wazee waliowahi kusimama juu ya mawe ya Jinja kabla ya mwaka 1954 wamebaki wachache mno.