Nduma Haina Miguu

Oktoba iliyopita anti yangu alinitumia video WhatsApp. Anaishi Minnesota, kule Marekani kaskazini. Kwa video, jirani yake, mama mzee mzungu, yuko bustanini anachimbua mimea yenye majani makubwa kama sinia. Anti anacheka hadi simu inatetemeka: "Ona hii maajabu! Si hii ni nduma ya mum?"

Na kumbe ni yenyewe. Mama anakata majani, anapangusa udongo, anaacha viazi vikauke kidogo, kisha anavipanga kwa katoni ya maranda na kuipeleka chumba cha chini ya nyumba. Anti akamuuliza atazipika lini. Mama wa watu akashtuka. Zipikwe? Hayo ni maua!

Nilicheka sana. Halafu nikaanza kusoma, si unajua mtu aliyeacha chuo ana wakati. Nilichokipata kilinimaliza kicheko.

Tuanze na jina. Wazungu huuita mmea huu sikio la ndovu, kwa sababu ya jani. Wanasayansi huuita Colocasia esculenta. Sisi tunasema nduma, na ukishuka Pwani au ukivuka Tanzania utasikia magimbi. Na ile "arrowroot" tunayoitisha hotelini? Hilo jina si lake. Arrowroot halisi ni mmea mwingine kabisa, asili yake Amerika ya Kusini. Yaani tunaila kila asubuhi na chai, na bado tunaiita jina la mwenyewe mwingine.

Nduma asili yake ni Asia ya kusini mashariki na visiwa vya karibu. Kule Papua New Guinea, mahali panaitwa Kuk, wachimbaji wa mambo ya kale walipata chembe za wanga wa nduma kwenye zana za mawe za miaka kama 10,000 iliyopita. Ni chakula cha zamani, wasee. Piramidi za Misri ni watoto wadogo hapo.

Sasa hapa ndipo pananishika. Nduma tunayolima mara nyingi haizai mbegu. Ndege hawezi kuibeba, upepo hauwezi kuipeperusha. Inaongezeka mtu akikata chipukizi na kulipanda mahali pengine. Kwa hivyo kila nduma iliyofika mbali na kwao ilibebwa na mkono wa mtu. Ilivuka Bahari ya Hindi hadi Afrika hivyo. Ilivuka Atlantiki hivyo pia, enzi za meli za watumwa, na Waafrika walioporwa kila kitu wakailima Karibiani kwenye vishamba vyao vya kujilisha. Hadi leo kule kuna aina inaitwa eddo, neno linaloaminika kutoka lugha za Afrika Magharibi.

Basi inafikaje kwenye theluji? Nduma inapenda joto na maji. Baridi ya kugandisha ikipiga usiku mmoja, majani yanakuwa meusi na kulala chini. Lakini kile kiazi ni ghala la chakula cha mmea wenyewe. Kisipoganda kinalala tu, kikingoja joto. Minnesota ardhi inaweza kuganda zaidi ya mita moja, ukikiacha humo kimekwisha. Ndiyo maana kinatolewa na kuwekwa pakavu, penye baridi kiasi lakini pasipoganda. Kikilowa kinaoza, kikikauka kupita kiasi kinanyauka. Baridi ikiisha, kinarudi udongoni.

Wajapani walijua haya zamani. Nduma yao inaitwa satoimo. Wakulima huchimba shimo, wanapanga viazi, wanafunika kwa majani makavu na udongo, wanafukua kidogo kidogo. Mwaka Mpya ukifika, satoimo iko mezani. Wao wanahifadhi chakula.

Uingereza hadithi ikageuka. Mwaka 1833 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alituma mimea hadi Sydney ndani ya masanduku ya vioo yaliyofungwa, na ikafika hai. Mwaka 1845 serikali ikafuta ushuru wa vioo, na nyumba za vioo za kulelea mimea zikawa rahisi kujenga. Mimea ya nchi zenye joto, nyingi kutoka makoloni, ikaanza kumiminika. Miaka ya 1860, pale Battersea Park, London, msimamizi John Gibson akatengeneza bustani ya mimea ya kitropiki. Watu walifurika kuangalia majani makubwa. Joto likiisha, mimea ilirudishwa kwenye nyumba za vioo. Mtindo ukashika. Chakula cha watu wengi duniani kikawa pambo la kuangaliwa.

Sisemi wazungu wamekosea. Kupenda jani si dhambi. Lakini kusahau kwamba kitu ni chakula cha mtu kuna madhara. Hawaii nduma inaitwa kalo, na katika mapokeo ya wenyeji ni kama ndugu mkubwa wa binadamu. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Hawaii kilipata hataza za aina tatu za kalo walizozalisha, yaani karatasi ya kisheria ya kusema hii ni yetu. Wakulima na wenyeji wakakataa. Huwezi kumiliki ndugu yangu! Waliandamana hadi 2006, chuo kikaachilia hataza hizo. Hiyo ni historia ya juzi tu.

Sasa turudi nyumbani, na hapa sicheki.

Shosho alikuwa na nduma kando ya mto, Murang'a. Zilikuwa na rangi ya zambarau ndani, zikipikwa zinapasuka kama unga. Kila mara akivuna, alikata kichwa cha mmea na kukirudisha matopeni papo hapo, kabla hajanyooka mgongo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilikuwa kwa simu.

Alipofariki, tuligawana vyombo, picha na blanketi. Hakuna aliyefikiria nduma. Ukame wa 2021 na 2022 ukaja, ule mto ukawa mchirizi, na hakuna mtu aliyehamisha machipukizi mahali penye maji. Nilipoenda ocha Desemba niliangalia kote. Hakuna hata jani. Sokoni nduma zipo, sawa, lakini ile yake sijaiona tena.

Kwa hivyo yule mama wa Minnesota niliyemcheka amenishinda. Haijui ladha yake, lakini kila Oktoba anainama, anachimba, anahifadhi. Sisi tunaijua ladha na hatukuinama hata mara moja. Kenya hatuna theluji. Baridi yetu ni ukame, na pia ni ile dharau ya kusema nduma ni chakula cha wazee.

Nilimpigia anti nikamwambia haya yote. Akanyamaza, kisha akasema alipoolewa, shosho alimpa machipukizi akapande kwa wakwe zake, Nyeri. Hajui kama bado yapo.

Jumamosi napanda matatu kwenda kuangalia. Nimebeba gunia na kisu. Na wewe, kama shosho wako bado yuko, mpigie leo umuulize anapanda nini, na anakata wapi.