MWANAO KAITWA JKT? MZAZI WA ENDULEN SOMA HAPA

Wadau, majina ya JKT yakitoka sisi tunakimbilia kuangalia kambi, wazazi wanabaki na maswali. Print hii ukawasomee nyumbani.

JKT ilianza 1963. Mafunzo ya lazima kwa wanaomaliza form six yalisimama 1994, yakarudi 2013.

1. KAMBI: Si wote wanapangwa Oljoro, hapo Arusha. Mwingine anatupwa Ruvu kwenye joto, mwingine Mafinga kwenye baridi. Nauli itafutwe mapema.

2. VIFAA: Bukta ya dark blue isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, track suit na shuka 2 za kulalia za bluu bahari. Mama, siyo lile shuka letu jekundu!

3. PESA: Hapa ndipo ng'ombe wanapotea. Nafasi ya JKT haiuzwi, hata ya kujitolea. Anayeomba hela "amwingize" mtoto ni tapeli.

4. AJIRA: JKT yenyewe hutangaza wazi kuwa haitoi ajira. Kwa hiyo mtoto akirudi bila kazi msimsimange, hajafeli. Kamaliza alichoitiwa.

Kazi kwenu wadau.