Mkuki wa Sanamu Ukivunjika: Namna ya Kuuunga Usidondoke Tena

Sanamu ndogo ya askari au shujaa ikianguka sakafuni, mara nyingi kinachovunjika kwanza ni silaha yake: mkuki, upanga, upinde au bunduki. Mwili wa sanamu ni mnene, lakini silaha ni nyembamba na imechomoza nje. Ncha yake ikigonga chini, nguvu yote hukusanyika pale silaha inapotoka mkononi, na hapo ndipo inapokatika.

Wengi wetu hupaka gundi, hushikiza kidogo, na baada ya siku chache kipande kinadondoka tena. Makala haya yanaeleza kwa nini gundi peke yake haitoshi, hatua za kufuata, na hatari za kuzijua kabla ya kuanza, hasa kama nyumbani kuna watoto.

Sanamu zenyewe ni zipi?

Hapa Afrika Mashariki tumezizoea zaidi sanamu za mbao. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji wanajulikana duniani kwa vinyago vya mpingo, na soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, limejengwa juu ya kazi hiyo. Nchini Kenya, Wakamba nao wamechonga kwa ajili ya biashara kwa miaka mingi. Sanamu ya morani wa Kimasai aliyeshika mkuki na ngao ni bidhaa ya kawaida kwenye maduka ya vinyago. Kwa mchongaji au mchuuzi, mkuki uliovunjika safarini ni hasara, maana mteja hatatoa bei ileile.

Ulaya na Marekani kuna sanamu za aina nyingine, ndogo zaidi, zinazotumika katika mchezo wa vita wa mezani. Wachezaji wawili hupanga majeshi yao juu ya meza na kupambana kwa kufuata kanuni. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kutengeneza askari wa madini ya risasi wenye uwazi ndani. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za mchezo huo kiitwacho Little Wars. Siku hizi askari wengi wa mchezo huo ni wa plastiki, rezini au metali, na wengi wana urefu wa milimita 28 hivi, yaani karibu sawa na pingili ya kidole gumba. Fikiria basi wembamba wa mkuki wake.

Ziwe za mpingo au za plastiki, namna ya kuzitengeneza ni moja.

Kwa nini gundi peke yake haishiki

Gundi inahitaji eneo la kushikilia. Mkuki uliokatika una eneo dogo kama kichwa cha pini, na kila mkono au kitambaa kikiugusa, unapindwa pembeni. Gundi nyingi, hasa supaglu, hustahimili kuvutwa lakini hazistahimili kupindwa wala kugongwa.

Dawa yake ni kuweka kiungo ndani: kipande cha waya kinachoingia pande zote mbili za mvunjiko. Waya ndio unaobeba nguvu, na gundi inauzuia tu usitoke.

Jambo hili si geni Ufipa. Wahunzi wa zamani wa Kifipa, waliofua chuma kutoka kwenye matanuu marefu ya udongo, hawakubandika shoka kwenye mpini. Katika shoka la kienyeji, mkia wa chuma hupita ndani ya tundu lililotobolewa kwenye kichwa cha mpini. Hata watoto wa Uingereza waliokuwa na askari wa risasi walifanya hivyohivyo. Kichwa kikikatika, walichomeka njiti ya kiberiti shingoni na kukirudisha mahali pake.

Vitu vya kuandaa

Tafuta waya mwembamba ulionyooka. Klipu ya karatasi au pini inatosha kwa sanamu ndogo, na spoku ya baiskeli inafaa kwa kinyago kikubwa. Utahitaji pia keekee ndogo ya kuzungusha kwa mkono yenye ncha inayolingana na waya, tupa au msasa laini, na koleo. Kwa gundi, bora ni ile ya mirija miwili inayochanganywa, yaani epoksi. Supaglu inafaa kwa kazi ndogo. Gundi nyeupe ya mbao ishikishe mbao kwa mbao tu, kwa kuwa haishiki chuma.

Hatua kwa hatua

1. Okota vipande vyote na uvitie kwenye kiberiti kitupu. Usivigonganishe kila mara kujaribu kama vinakutana, maana kingo zake zitasagika na havitakutana tena vizuri.

2. Safisha mvunjiko. Ondoa gundi ya zamani, vumbi na mafuta. Mpingo ni mti mgumu wenye mafuta, kwa hiyo ukwaruze kidogo kwa msasa na kuufuta kwa spiriti kabla ya kupaka gundi.

3. Weka alama. Tia nukta ya wino au rangi mbichi katikati ya upande mmoja, kisha gusisha upande wa pili. Nukta itahamia huko, nawe utajua mahali pa kutoboa ili matundu yatazamane.

4. Toboa polepole. Anza kwa kudonoa kwa sindano ili keekee isiteleze. Kwa sanamu ndogo, kina cha milimita 3 hadi 5 kila upande kinatosha. Ukienda haraka, mpingo utapasuka na plastiki itayeyuka.

5. Kata waya na ujaribu bila gundi. Vipande vikikutana bila uwazi, endelea. Visipokutana, punguza waya au ongeza kina cha tundu.

6. Paka gundi kidogo kwenye waya na kwenye mvunjiko, unganisha, kisha egemeza sanamu isitikisike.

7. Subiri. Epoksi huchelewa kukauka penye baridi, na sisi wa nyanda za juu za Ufipa tunaijua baridi ya Juni na Julai. Hata kama pakiti imeandikwa dakika 5, iache mpaka kesho yake. Supaglu hukauka kwa msaada wa unyevu wa hewani, hivyo inaweza kuchelewa wakati wa kiangazi kikavu.

8. Malizia kwa msasa laini, kisha rangi au nta.

Mkuki ukiwa mwembamba mno

Mti wa mkuki ukiwa mwembamba usioweza kutobolewa, usihangaike. Utoe wote na uweke waya mpya. Toboa ngumi ya sanamu kutoka juu hadi chini, pitisha waya, kisha bandika kichwa cha zamani cha mkuki. Kama kichwa kimepotea, gonga ncha ya waya kwa nyundo mpaka iwe bapa, kisha ichonge kwa tupa. Vinyago vingi vya mbao vimetengenezwa hivi tangu mwanzo: mkuki ni kijiti cha peke yake kilichopitishwa kwenye ngumi, na kikivunjika huwekwa kingine.

Silaha iliyopinda bila kukatika inyooshwe taratibu, mara moja. Metali ikikunjwa huku na huku hukatika, kama waya wa uzio. Rezini au plastiki laini itumbukize kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, inyooshe, kisha itie kwenye maji baridi.

Hatari za kuzijua

Ya kwanza ni madini ya risasi. Askari wengi wa zamani wa metali wana risasi ndani yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, hasa ubongo. Sanamu nzito ya kijivu inayoacha mstari ukisugua kwenye karatasi nyeupe ichukulie kuwa ina risasi. Usiipige msasa ikiwa kavu, bali ilowanishe ili vumbi lisiruke. Usiiyeyushe jikoni wala kwenye sufuria ya chakula. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na usimpe mtoto aichezee.

Ya pili ni supaglu. Vidole vikigandana, usivivute kwa nguvu. Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uviachanishe polepole. Ikiingia jichoni, usilazimishe kope kufunguka. Osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya mara moja. Usiifute kwa pamba au nguo ya pamba, kwa sababu gundi hiyo ikikutana na pamba hutoa joto linaloweza kuunguza.

Lini usiitengeneze mwenyewe

Sanamu ya kale, ya kanisa au ya urithi wa ukoo isitobolewe na mtu anayejifunza. Funga vipande kwenye kitambaa, viweke pamoja na sanamu yake, na umtafute fundi. Na kama unauza kinyago ulichokiunga, mwambie mnunuzi. Kazi nzuri haina aibu, bali mnunuzi akigundua mwenyewe baadaye, hatarudi.

Mwisho, sanamu ibebwe kwa kushika kiwiliwili au kitako chake, kamwe si kwa mkuki. Ukiisafirisha, funga silaha kwanza kwa kitambaa laini, kisha mwili, na usiweke mzigo juu yake.