Kamati za Kijiji na Njia ya Mwanafunzi: Somo Tulilolipuuza Tangu 1966

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipokuwa wakiripoti shuleni, nilihudhuria mkutano wa bodi ya shule moja ya sekondari katika eneo nilikozaliwa. Nilialikwa kama mwakilishi wa jamii, kazi isiyo na mshahara. Ajenda ilikuwa na mambo manne: ua wa shule, deni la mwenye kuuza mahindi, basi lililoharibika na malimbikizo ya karo. Tulipokaribia kufunga kikao kwa maombi, mama mmoja ambaye ni fundi cherehani aliinua mkono. Aliuliza: “Mwenyekiti, hawa watoto tuliowapokea wamekwisha kuchagua mikondo. Ni nani aliyekaa nao akawaeleza kila mkondo unawapeleka wapi?” Mwenyekiti alimjibu kwa heshima kwamba suala hilo ni la wizara na walimu. Tukaomba, tukatawanyika.

Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Mwenyekiti hakusema kwa nia mbaya; alisema kile ambacho wengi wetu tunakiamini, yaani kwamba mwananchi wa kawaida huitwa shuleni ili atoe mchango, na serikali ndiyo huamua mtoto aelekee wapi. Katika makala haya ninadai kwamba imani hiyo haina umri mrefu. Kuna wakati katika historia ya Kenya ambapo kamati za wanakijiji, zisizolipwa, ziliaminiwa kuamua kile ambacho kijana angefundishwa na namna ambavyo angejipatia riziki. Tulizinyang’anya uamuzi huo, tukaziachia mzigo wa gharama.

Turudi nyuma kidogo. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, shule za msingi zilikuwa zikiongezeka kwa kasi kuliko za sekondari. Tume ya Ominde iliyoteuliwa kuchunguza elimu ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake mwaka 1964, na nchi ikaelekeza macho kwenye kuwapata wataalamu wa kushika nafasi zilizoachwa na wakoloni. Hata hivyo, kila mwaka maelfu ya watoto walimaliza shule ya msingi bila kupata nafasi ya kidato cha kwanza. Walikuwa wadogo mno kuajiriwa, na wamesoma kiasi cha kutotaka kurudi kwenye jembe la baba zao. Wengi walielekea mijini.

Mwaka 1966, Baraza la Kikristo la Kenya pamoja na chama cha elimu cha makanisa lilitoa ripoti ambayo kichwa chake kilikuwa swali: baada ya shule, kisha nini? Ripoti hiyo haikudai shule za sekondari zaidi. Ilipendekeza vituo vidogo vya bei nafuu, karibu na nyumbani, ambamo vijana waliomaliza shule ya msingi wangejifunza ujuzi wenye soko palepale wanapoishi. Vituo hivyo ndivyo vilivyokuja kuitwa vyuo vya ufundi vya vijijini, au kwa kauli ya watu wengi, politekniki. Vya kwanza vilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Msomaji wangu atambue jinsi vyuo hivyo vilivyokusudiwa kuendeshwa. Kila kimoja kilikuwa na kamati ya usimamizi iliyoundwa na watu wa mahali hapo: wazazi, walimu, viongozi wa makanisa, wafanyabiashara wadogo na mafundi. Wajibu wao wa kwanza haukuwa kujenga. Walitakiwa kutazama eneo lao na kuuliza: watu wa hapa wananunua nini, wanakosa fundi wa kazi gani, na fedha inapita wapi? Mafunzo yalipaswa kufuata majibu ya maswali hayo, iwe ni useremala, uashi, ushonaji, ufuaji wa mabati au uwekaji wa hesabu za duka. Soko likijaa maseremala, kamati ilipaswa kubadilisha mafunzo. Mafanikio hayakupimwa kwa mtihani bali kwa kijana kujipatia kipato nyumbani kwao.

Marehemu mjomba wangu, mwashi kwa kazi yake, alikaa katika kamati ya namna hiyo katika miaka ya 1970. Utotoni nilimsikia akisimulia mara nyingi kwamba kilichokuwa kigumu zaidi hakikuwa kupata mawe wala mabati. Kigumu kilikuwa kumwambia jirani yake kwamba kijana wake hafai kujifunza useremala kwa sababu kijiji tayari kilikuwa na maseremala wasio na kazi. Aliyasema hayo kama mtu aliyekuwa na mamlaka na aliyeona uzito wake. Sikuelewa wakati huo kwamba alikuwa akinieleza jambo la kisiasa.

Serikali iliona faida ya mpango huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilianza kuusaidia kwa kulipa sehemu ya mishahara ya wakufunzi na kutoa vifaa. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliozuru nchi, na ambao ripoti yake ya mwaka 1972 ilisomwa kote ulimwenguni, ulieleza kwamba tatizo la Kenya halikuwa ukosefu wa kazi peke yake bali pia watu wanaofanya kazi ngumu kwa kipato duni, na ukaitazama sekta ya mafundi wadogo kwa jicho la heshima badala ya dharau. Vyuo vya vijijini vikaongezeka katika pembe nyingi za nchi.

Pamoja na msaada huo, mambo mawili yalibadilika. Kwanza, kadiri fedha zilivyotoka makao makuu, ndivyo maamuzi yalivyohamia huko. Pili, wazazi na vijana wenyewe walianza kudai vyeti. Wakataka majaribio ya ufundi ya serikali, na mafunzo yakaanza kufuata majaribio badala ya kufuata soko la kijiji. Hapa nataka kuwa mwadilifu: wazazi hawakuwa wajinga. Mwanazuoni Philip Foster, akiandika kuhusu Ghana katikati ya miaka ya 1960, alikwisha kutuonya kwamba mzazi wa Kiafrika anapopendelea shule ya masomo ya kawaida kuliko ya ufundi, anapiga hesabu sahihi, kwa kuwa mishahara mizuri hulipwa kwa wenye vyeti. Huwezi kumwambia mwananchi athamini ufundi ilhali wewe unayemwambia umepata cheo kwa shahada.

Wakati huohuo, wananchi walewale walikuwa wakijenga shule za sekondari za Harambee. Kasi yake ilikuwa ya ajabu; kufikia miaka ya 1970 shule hizo zilizidi kwa idadi zile zilizogharimiwa na serikali. Tunazisifu kwa haki. Lakini tuangalie ni kazi gani kamati zake ziliachiwa. Mtaala ulitoka Nairobi, na mtihani vilevile. Kamati ilibaki na mchanga, saruji na orodha ya waliokwisha kutoa na wasiotoa. Karo ilipofutwa kwa madarasa manne ya kwanza ya shule ya msingi mwaka 1974, ada za ujenzi zilichukua nafasi yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 pamoja na masomo yake ya ufundi, wazazi ndio waliotakiwa kujenga karakana. Mwaka 1988 serikali ikaitangaza rasmi sera ya kugawana gharama. Hivyo ndivyo kamati ya shule ilivyogeuka kuwa mfuko, na kizazi changu kikakua kikidhani kwamba haijawahi kuwa kitu kingine.

Nisije nikaonekana naililia enzi ya dhahabu ambayo haikuwapo. Kamati za zamani zilikuwa na kasoro kubwa. Wasichana walielekezwa kwenye ushonaji na upishi bila kuulizwa. Maeneo yaliyokuwa na mazao ya biashara na wanasiasa wenye nguvu yalijenga haraka, ilhali kaskazini mwa nchi na sehemu za pwani zilibaki nyuma. Harambee haikuweza kuvuna mahali ambapo ukoloni haukupanda. Tena neno “kujitolea” lilificha mengi, kwa kuwa si kila aliyechimba msingi wa darasa alikuwa na uhuru wa kukataa. Kasoro hizo ni sababu ya kuweka kanuni bora. Hazitoshi kuwa sababu ya kuwanyamazisha wananchi.

Sasa tutazame hali ya leo. Zaidi ya wanafunzi milioni moja walifanya tathmini ya mwisho wa Sekondari Msingi mwaka 2025. Mbele yao kuna mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto wa miaka 14 au 15 anatakiwa kuchagua, na si kila shule inayotoa mikondo yote mitatu. Mtoto wa daktari wa Nairobi ataelezwa mezani na wazazi wake. Mtoto wa mchuuzi wa mboga atachagua kwa kusikia marafiki, au atapelekwa mahali penye nafasi. Hapo ndipo tofauti ya kitabaka itakapozaliwa upya, safari hii kwa jina la kipaji.

Kuhusu jibu la mwenyekiti wetu, sheria inasema vingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawapa wawakilishi sita wa wazazi au jamii nafasi katika bodi, na kifungu cha 59 kinaitaja miongoni mwa kazi za bodi ile ya kuhakikisha kwamba wanafunzi wote wanapata mwongozo na ushauri nasaha. Yule fundi cherehani hakuwa akiuliza jambo lisilomhusu. Alikuwa akitekeleza sheria pengine kuliko sisi wote tuliokuwa chumbani.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila bodi iweke suala la mikondo katika ajenda ya kila muhula, kabla ya ua na basi. Pili, shule itayarishe orodha ya watu wa eneo lake walio tayari kuzungumza na wanafunzi kuhusu kazi zao, pamoja na ugumu na mapato yake: muuguzi, fundi umeme, mkulima wa kahawa, mwanamuziki, karani wa kaunti. Katika Sekondari Pevu kuna somo la lazima la huduma kwa jamii. Watu hawa ndio wangekuwa wenyeji wa wanafunzi katika somo hilo, badala ya kuwapa wanafunzi fagio na kuwapeleka sokoni. Tatu, bodi ifuatilie waliohitimu. Kamati ya mjomba wangu ilijua kila kijana aliyetoka katika chuo chake yuko wapi na anafanya nini. Ni shule ngapi leo zinaweza kusema hivyo?

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina ombi na onyo. Ombi ni kwamba mapendekezo ya bodi kuhusu mikondo yanayohitajika katika eneo yasikilizwe ngazi ya kaunti na wizara, kwani mwongozo usioweza kubadilisha chochote ni mazungumzo matupu. Onyo ni kwamba watu wa kujitolea wasifanywe badala ya walimu wa ushauri nasaha ambao serikali imeshindwa kuwaajiri. Na anayekuja kuwahudumia watoto wetu arudishiwe nauli yake. Kujitolea kusiwe anasa ya wenye gari.

Nimekwisha kumwandikia mwenyekiti nikiomba swali la yule mama liwe jambo la kwanza katika kikao kijacho, na yeye ndiye alisome. Wewe ambaye umesomea shule ya sekondari mahali fulani, na sasa una kazi au umekosa kazi, fanya vivyo hivyo. Tafuta ni nani anayekaa katika bodi ya shule hiyo, kisha umuulize mara ya mwisho walizungumza lini kuhusu watoto wenyewe.