Mnara wa London: Ngome Iliyojengwa Dhidi ya Nani?

Katika madarasa yetu ya siasa, swali moja hurudi kila tunapofika kwenye ukabaila wa Ulaya: ngome zile kubwa za mawe zilimlinda nani, na dhidi ya nani? Wanafunzi wengi hujibu haraka kwamba zilizuia adui wa nje. Mnara wa London unatoa jibu jingine.

William wa Normandy aliiteka Uingereza mwaka 1066. Katika miaka ya 1070 alianza kujenga Mnara Mweupe, wenye kimo cha mita 27, kwenye kona ya jiji kando ya mto Thames. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoka ng'ambo. Aliowahofia ni wakazi wa London aliokuwa amewashinda juzi tu. Warithi wake, hasa Henry III na Edward I, waliongeza kuta na handaki la maji. Kabla ya karne ya 13 kwisha, ngome ilikuwa makao ya mfalme, gereza, ghala la silaha, mahali pa kufulia sarafu, na hata zizi la wanyama wakali. Hiyo ilikuwa dola yenyewe, imejengwa kwa mawe.

Mwaka 1381 serikali ya Richard II ilidai kodi ya kichwa iliyowaelemea zaidi maskini. (Wazee wetu hawahitaji kuelezwa maana ya kodi hiyo.) Wakulima wa Kent na Essex waliandamana hadi London. Tarehe 14 Juni, mfalme alipokwenda kuzungumza na baadhi yao Mile End, wenzao waliingia ndani ya Mnara. Askari hawakupigana. Simon Sudbury, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyekuwa pia Chansela, na Robert Hales, mkuu wa hazina, walitolewa nje wakakatwa vichwa. Kesho yake kiongozi wa wakulima, Wat Tyler, aliuawa mbele ya mfalme, na baadaye ahadi walizopewa zikafutwa. Lakini hatuna budi kulizingatia jambo moja: kuta zile hazikubomolewa. Kwa maoni yetu, walinzi hawakuwa tayari kufa kwa ajili ya kodi ile.

Baada ya Charles II kutoka pale kwenda kutawazwa mwaka 1661, hakuna mfalme mwingine aliyefanya hivyo. Sarafu zilihamishwa mwanzoni mwa karne ya 19, wanyama mwaka 1835. Ungedhani ngome imestaafu. Hata kidogo! Mwaka 1845 Duke wa Wellington aliweka jiwe la msingi la kambi mpya ya askari humo, katika miaka ambayo mabepari walihofia Wachartisti, wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura.

Leo kambi hiyo huhifadhi mataji na vito vya ufalme, na watalii hulipa kiingilio kuviona. Katika fimbo ya kifalme kuna kipande kikubwa kuliko vyote cha almasi ya Cullinan, iliyochimbwa Transvaal mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106. Serikali ya koloni iliinunua kwa pauni 150,000, ikamzawadia Edward VII mwaka 1907. Waafrika waliotoa jasho katika migodi ile hawakuulizwa.